Waenda Japani? Soma hii kabla hujafunga begi, manake kule ukikosea hakuna atakaekwambia

Siku hizi watu wa Mombasa wanaokwenda Japani si haba. Wa magari ndio wa kwanza, kila mwenye yadi ataka akajionee mwenyewe kule magari yatokako badala ya kutumiwa picha kwa simu, halafu kuna wanafunzi, kuna wanaopelekwa mafunzo na kazi, na wachache waendao kutembea tu. Karibu wote huuliza viza na bei ya tiketi. Wa kuuliza vile utaishi na watu ukifika ni mmoja mmoja sana.

Na shida yote iko hapo. Huku kwetu ukikosea waambiwa papo hapo, ukiingia sebule ya watu na viatu mama mwenye nyumba atakupigia kelele kabla hujafika kwenye mkeka, basi ushajua na mwaendelea na mazungumzo. Mjapani hakwambii. Atanyamaza, atatabasamu, atakumiminia chai nyingine, na wewe utaondoka ukiamini mambo yako sawa, kumbe mlango ushafungwa na hutajua ulifungwa wapi. Kwa hivyo kule huwezi kutegemea kujifunza kwa kukosolewa, ni lazima uende ukijua. Nimeyapanga kwa hatua, kutoka kwa begi mpaka kurudi.

Hatua ya 1: Begi lako

Mpwani hasafiri mikono mitupu, na hapo twafanana nao kabisa, zawadi kwao ni jambo kubwa. Lakini si kila kitu chaingia. Nyama usibebe, iwe sambusa, iwe ya kukausha, iwe soseji, bila cheti cha ukaguzi cha serikali haipiti. Matunda mabichi pia yataka cheti cha mimea, kwa hivyo maembe yaache nyumbani. Miraa na muguka usitie hata jani moja, na bangi sina haja ya kuitaja, kule watu hufungwa kwa kiasi ambacho huku hata askari hakiangalii.

Dawa ndizo huwakamata watu wasiokuwa na nia mbaya. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini kupita asilimia 10 haziruhusiwi, za kikohozi zenye kodeini kupita asilimia 1 zahesabiwa dawa za kulevya, na za jamii ya amfetamini haziingii hata uwe na barua ya daktari. Soma kibandiko cha kila chupa. Mwenye presha au sukari abebe dawa za mwezi mmoja, ziwe kwenye paketi zake na karatasi ya daktari, zikizidi mwezi lazima aombe kibali kabla ya safari.

Zawadi nzuri kutoka kwetu ni kahawa iliyokaangwa, majani ya chai, na leso. Zifunge kwa karatasi safi, toa kwa mikono miwili, na usishangae akiiweka kando bila kuifungua, ndio adabu yao, hafungui mbele yako. Ukipewa yako nawe usiirarue pale pale. Na usitoe vitu vinne vinne, nambari 4 kwao ina nuksi ya kifo.

Mengine ya begi kwa haraka: adapta, manake plagi zetu za miguu mitatu haziingii, zao ni za vipande viwili bapa na umeme ni volti 100. Koti la kweli kama waenda Disemba mpaka Februari, baridi ile si ya sweta. Na soksi mpya zisizo na matundu, utaona kwa nini mbele.

Hatua ya 2: Kiwanja cha ndege, pasipoti na pesa

Kutoka Mombasa wengi hupitia Dubai, Doha au Addis Ababa. Fomu za uhamiaji na forodha jaza kwenye mtandao kabla ya kufika, utapewa msimbo wa QR wa kuskani, foleni itakuwa fupi. Utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, kila mgeni huchukuliwa, usihisi umeshukiwa wewe. Kuanzia hapo pasipoti isitoke mfukoni, ni sheria mgeni kutembea nayo, si kuiacha hotelini kama tunavyozoea kuficha.

Pesa taslimu beba, bado kuna maduka na mikahawa midogo isiyochukua kadi. Mashine za kutoa pesa ndani ya maduka ya 7-Eleven hukubali kadi za nje. Ukilipa kuna kisahani kidogo pale kwa keshia, weka pesa hapo, usimkabidhi mkononi wala usizitupe kwa meza. Chenji utarudishiwa yote.

Bakshishi hakuna. Usiache kitu mezani ukadhani umefanya wema, mhudumu atatoka mbio barabarani akurudishie akidhani umesahau. Dereva wa teksi vile vile. Na hiyo teksi, mlango wa nyuma hufunguka na kujifunga wenyewe, dereva ndiye huuendesha, usiuvute wala usiubamize.

Hatua ya 3: Ndani ya treni

Nunua kadi ya nauli, Suica au Pasmo ukiwa Tokyo, au ICOCA ukiwa Osaka, tia pesa, gusa ukiingia gusa ukitoka, basi.

Sasa kubwa ni sauti. Sisi tumezoea matatu yenye muziki mpaka kifua chatetemeka, na mtu apokea simu aeleza mambo ya urithi wa shamba gari zima lasikia, hakuna anayejali. Treni ya Tokyo asubuhi watu wamebanana bega kwa bega na husikii neno. Simu watu hawapigi wala hawapokei ndani, iwekwe kimya, ukipigiwa kata umpigie mtu ukishuka. Na wale wa kusikiliza voisnoti kwa spika, tafadhali sana, nunueni iafoni za kutia masikioni. Hakuna atakaekugeuzia uso wala kukwambia punguza, ila behewa zima litakuwa limekuhesabu, na wakiwa wamekuja kukupokea wenyeji wako wataona haya kwa niaba yako.

Mkoba wa mgongoni uvute mbele ya kifua wakati wa msongamano. Foleni kwenye stesheni imechorwa chini, simama kwenye mstari, ngoja watu washuke wote kwanza. Wanaume angalieni vibandiko vya rangi ya waridi, kuna mabehewa ya wanawake pekee saa za msongamano, ukiingia humo utaona tu watu wametazama chini. Ngazi za umeme, Tokyo watu husimama kushoto na Osaka husimama kulia, fuata aliye mbele yako.

Kwa wenye mabegi ya dunia nzima: kwenye shinkansen, ile treni ya kasi ya Tokyo kwenda Osaka, ukijumlisha urefu, upana na kimo cha begi na ikapita sentimita 160, lazima uwe umebuku kiti chenye nafasi ya begi kubwa. Sheria hii iko tangu 2020. Likipita 250 halipandi kabisa.

Hatua ya 4: Salamu na kadi, hapa wa biashara wasome mara mbili

Kupeana mikono si desturi yao, huinamisha kichwa na kiwiliwili kidogo. Wengine wakiona mgeni hunyoosha mkono, sawa mpe, lakini usianze wewe na usimvute mtu kumkumbatia wala kumpiga bega. Kwa dada zetu wasioshika mkono wa mwanamume kule ni raha, wainama kidogo na mambo yamekwisha bila maelezo.

Wakati. Mkikubaliana saa nne asubuhi, fika saa nne kasoro dakika kumi. Na hakikisha mmeelewana saa gani, manake saa nne yetu ni saa kumi yao, na Japani iko mbele ya Kenya kwa saa 6, ukipanga mkutano kutoka huku andika saa yao na tarehe. Ukiona utachelewa hata dakika tano, piga simu kabla, si baada. Visingizio vya foleni vya Makupa na feri kule havina soko, treni zao zafika kwa dakika.

Kadi za biashara chapisha za kutosha kabla hujaondoka. Utatoa kwa mikono miwili, maandishi yakimwelekea yeye, na yake utaipokea kwa mikono miwili, uisome kweli, uiweke mbele yako mezani muda wote wa kikao. Usiiandike nambari juu yake mbele ya mwenyewe, usiitie mfuko wa nyuma wa suruali ukaikalia. Ile kadi waichukulia ni mtu mwenyewe. Mkiingia chumba cha mkutano pia usikimbilie kiti, ngoja uonyeshwe, mgeni huketishwa mbali na mlango.

Halafu linakuja lile la kukataliwa, na hili ndilo ninalotaka wa yadi walishike kuliko yote. Mjapani hakwambii hapana usoni. Ukisema naitaka hii Probox kwa bei fulani naye akavuta pumzi kwa meno, akainamisha kichwa upande, akasema itakuwa ngumu kidogo, huyo amekataa. Si kwamba ataka umbembeleze. Akisema tutalifikiria, mara nyingi pia amekataa. Na akitikisa kichwa ndio ndio wakati wewe waongea, maana yake ni kuwa akusikiliza, hajakubali kitu bado. Watu wetu huondoka kwenye kikao kama hicho wakapiga simu nyumbani kusema mambo yameiva, wakaanza hata kutafuta wateja wa gari ambalo hawajauziwa. Ngoja maandishi. Na ukimya pia, kukiwa na kimya cha nusu dakika mezani usikijaze na maneno, wao hufikiri kwa kimya, na wewe ukianza kubwabwaja utajikuta umepandisha bei yako mwenyewe.

Kupatana bei kwenyewe: Kongowea na Marikiti ukinunua bila kupunguziwa wajiona umeibiwa, na muuzaji mwenyewe husikia raha ya kubishana. Kule dukani bei ni ile iliyoandikwa, ukianza kuvutana na keshia atachanganyikiwa na foleni nyuma yako itasimama. Bei ya kibandiko wakati mwingine haijatiwa kodi, ambayo ni asilimia 10, na asilimia 8 kwa chakula cha kubeba, kwa hivyo usidhani umeongezewa. Minada ya magari ni ya wanachama, utaingia na ajenti wako, basi mwachie yeye kusema na watu. Gari wewe likague kimya kimya, soma ile shiti ya mnada, yaani karatasi ya hali ya gari, ukiona gredi imeandikwa R jua limewahi kugongwa likatengenezwa, na la kusema umwambie ajenti pembeni. Kulitukana gari la mtu hadharani ili bei ishuke, ile mbinu yetu ya hili gari limechoka mzee, kule yaharibu jina la ajenti wako na yeye ndiye mwenye kubaki.

Hatua ya 5: Ukialikwa kula

Kwa Waislamu neno la kwanza ni hili: mwambie mwenyeji siku kadhaa kabla kuwa huli nguruwe na hunywi pombe. Usisubiri mpaka sahani iko mbele yako. Mjapani akigundua mezani kuwa amekuwekea usichokula atajisikia amekuvunjia heshima, na ile aibu haitatoka kichwani mwake. Ukimwambia mapema atahangaika mpaka apate pahala panapokufaa, na atafurahi kuwa ulimwamini.

Usidhani ukikwepa nyama umemaliza. Supu ya rameni, zile tambi zao za mchuzi, mara nyingi hutokana na mifupa ya nguruwe, michuzi mingi yatiwa mirini na sake ambazo ni pombe, hata mchuzi wa soya aina nyingine una alkoholi, na mafuta ya nguruwe na jelatini hujificha kwenye mikate na peremende. Samaki wa kuchoma kwa chumvi na wali, sisi watu wa bahari hapo tutaishi. Mikahawa halali iko, Tokyo nenda mtaa wa Shin-Okubo utapata maduka na vyakula vya Wapakistani na Wabangladeshi.

Mezani: kitambaa chenye maji moto ni cha mikono, si cha uso wala shingo. Vijiti usivisimamishe wima kwenye bakuli la wali, ndivyo wali huwekewa maiti. Na usimpokeze mtu chakula kijiti kwa kijiti, kwa sababu maiti akishachomwa jamaa zake huokota mifupa kwa namna hiyo hiyo. Haya mawili ni mazito, mtu akiyaona moyo wamruka. Vikikushinda omba kijiko, hakuna ubaya. Sushi waweza kula kwa mkono, na tambi zivute kwa sauti usiogope. Kupenga kamasi mezani ndiko hawakupendi, inuka uende chooni.

Wakinywa, kila mtu humiminia mwenzake, si yeye mwenyewe. Chukua chai yako, inua kikombe pamoja nao, mmiminie aliye karibu nawe akiwa yeye anywa chai au soda. Na kwenye vilabu vyao vya chakula vya usiku utaletewa kisahani kidogo ambacho hukuoda na kitalipiwa kwenye bili, hiyo ni kama ada ya kiti, usigombane.

Hatua ya 6: Nyumbani mwa mtu, na maji

Kuvua viatu hatufunzwi, tumezaliwa nako. Lakini wao wana tabaka zaidi. Unavua pale chini penye mlango, wapanda bila kukanyaga chini tena, wageuza viatu vitazame nje, wavaa ndara za ndani. Ukifika chumba chenye mikeka ya tatami ndara zavuliwa pia, ni soksi tu, ndio nikasema soksi. Chooni kuna ndara zake peke yake, na kosa la wageni wengi ni kutoka nazo wakarudi sebuleni. Ziache pale pale mlangoni mwa choo.

Vyoo vyenyewe utavipenda, vingi vina bomba la maji na vitufe, na sisi tusioweza kuishi bila maji hatuteseki kama Ulaya. Angalia michoro kabla ya kubonyeza.

Kwenye bafu za maji moto ya ardhini watu huingia uchi, wanaume kwao na wanawake kwao, na lazima uoge kwa sabuni nje kwanza ndipo uingie kwenye dimbwi. Mwenye kuchunga uchi wake aulize bafu la faragha la kukodi kwa saa, hoteli nyingi za maji moto zinalo.

Hatua ya 7: Swala

Viwanja vya ndege vya Narita, Haneda na Kansai vyote vina vyumba vya kuswalia. Tokyo kuna msikiti mkubwa wa Tokyo Camii karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, na Kobe kuna msikiti wa kwanza wa nchi ile, uliofunguliwa 1935, ambao ulisimama wakati wa mabomu ya vita na ukasimama tena kwenye tetemeko la 1995. Ukipata nafasi uswali pale hata mara moja.

Kwengine kokote omba ruhusa kwanza, utapewa kona. Usitandike mswala njiani mwa duka au kwenye ngazi za stesheni. Na kutawadha, mguu usiuinue kwenye sinki la watu wote, na usiache maji yametapakaa sakafuni, hili lakera sana na ni sisi tu hulifanya. Beba kichupa cha maji, maliza miguu chooni, pangusa palipolowa.

Hatua ya 8: Njiani

Mapipa ya taka hutayaona. Mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarini kwenye treni za Tokyo mwaka 1995, na mji ni msafi hivyo hivyo, kila mtu arudi na taka zake nyumbani. Weka kimfuko kwa begi. Kula huku watembea hawakupendi, simama kando ya duka umalize. Sigara usiwashe barabarani, sehemu nyingi ni faini.

Picha za watu uliza kwanza. Sisi wenyewe twajua tunavyochukia mtalii akiwapiga mama zetu picha kwenye vichochoro vya Mji wa Kale. Mtaa wa Gion kule Kyoto wakazi wamechoka na wageni kuwakimbiza geisha, wale wanawake wa kimono, kwa simu, vichochoro vya watu binafsi wamevifunga, na kibao chasema faini yeni 10,000.

Ukipotea au ukipoteza kitu nenda kibanda cha polisi, viko kila mtaa, na vitu hurudi kweli. Polisi ni 110, ambulensi na zimamoto ni 119. Ardhi ikitikisika usikimbilie nje, ingia chini ya meza ulinde kichwa mpaka itulie, halafu fanya wanavyofanya walio karibu nawe.

Hatua ya 9: Ukirudi

Kesho yake baada ya kikao au mlo, kabla hujarudi Kenya, tuma ujumbe mfupi wa shukrani ukitaja jambo moja alilokufanyia. Ukimkuta tena, hata baada ya miezi, mshukuru tena kwa ile siku, wao hufanya hivyo na hutambua asiyefanya. Na gari lako likishuka Kilindini na kutoka forodhani, mpigie picha umtumie ajenti na aliyekuuzia. Huku twaona si kitu, mtu ashalipwa pesa zake. Kule mtu huyo atakukumbuka siku kukiwa na gari zuri la bei nafuu na wanunuzi wako wengi wangoja.